Kupe wa Kaliua na virusi visivyo na jina: hizi "malaria sugu" zetu tunazijua kweli?

#1 mwana_kaliua
Wakuu, salaam.

Kuna habari za Wachina kugundua virusi vipya kwenye kupe, nazifuatilia muda sasa. Hawaanzi na darubini. Wanamsaga kupe, wanasoma vinasaba vyote vilivyomo, kompyuta inawaonyesha kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote. Kimoja kilitangazwa 2024, kinaitwa Wetland. Mzee wa miaka 61 aling'atwa na kupe kwenye ardhi oevu huko Inner Mongolia mwaka 2019, akapata homa, kichwa, kutapika. Antibayotiki hazikufua dafu. Walipoisoma damu yake wakakuta kirusi kigeni kabisa.

Sasa rudi kwetu. Huku Kaliua, Tabora, kupe ni wa kumwaga. Vijana wakitoka machungani jioni wanawabandua mapajani na kwapani, wala hawaoni ajabu. Na homa zipo. Unakwenda zahanati, kipimo cha malaria kinatoka hasi, unaambiwa taifodi. Dozi inaisha, homa ipo pale pale, sasa unaambiwa malaria imejificha.

Dai langu: sehemu kubwa ya hizo "malaria sugu" za wafugaji ni virusi vya kupe ambavyo hakuna aliyewahi kuvisoma. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kisomo_cha_Usiku
Nimetandika mkeka. Ngoja wajuzi waje.

#3 Mzee wa Josho
Mwanangu umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Kupe wa huku kazi yao inajulikana. Wanaleta ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo. Nimeogesha ng'ombe tangu majosho ya Nzega yalipokuwa yanafanya kazi. Hakuna kirusi hapo, ni josho limekufa na wafugaji hawapulizi dawa.

#4 DktNgombe
Shikamoo Mzee. Uko sahihi kwa ng'ombe, ila tutenganishe mambo ili vijana wasichanganyikiwe. Ndigana kali inaletwa na Theileria, kidudu cha jamii ya vile vya malaria. Ndigana baridi na maji moyo ni bakteria. Mtu haugui ndigana kali hata ang'atwe na kupe mia. Kwa hiyo orodha yako haipingi dai la mtoa mada, inazungumzia mgonjwa mwingine kabisa.

Virusi vya kupe Afrika Mashariki vipo na si vya jana. Ugonjwa wa kondoo wa Nairobi ulianza kuchunguzwa mwaka 1910, na mbebaji ni yule yule kupe wa rangi ya kahawia anayekaa sikioni na kuleta ndigana kali. Halafu kuna homa ya Krimea na Kongo. Ilionekana Krimea 1944, Kongo 1956, wakaja kugundua baadaye kuwa ni kirusi kimoja. Uganda imekuwa ikiripoti wagonjwa tangu 2013. Hiyo inaua watu, na huipati kwa kung'atwa tu, hata damu ya mnyama unapochinja inatosha.

#5 Mlongo wa Buhigwe
Kwa hiyo Wanyamwezi mmeacha kugombania michembe sasa mnagombania kupe? 😂 Endeleeni watani, huku Kigoma tunasoma.

#6 PapasiMstaafu
Watu mnaruka hadi China wakati jibu liko chini ya kitanda.

Nimekulia Sikonge, nyumba ya tope, sakafu ya udongo. Papasi, yule kupe laini wa nyumbani, anakaa kwenye nyufa za ukuta, usiku anatoka, ananyonya kama nusu saa hivi, anarudi zake. Hakuachi na kitu mwilini cha kuonyesha, kwa hiyo ukienda hospitali ukiulizwa "umeng'atwa na kupe?" unajibu hapana. Homa inapanda siku tatu nne, inashuka, unaamini umepona, unarudi shambani, wiki haijaisha imerudi. Mimi ilinirudia mara tatu. Kila mara nilipewa dawa ya malaria, na kila mara ilishuka yenyewe nikaisifia dawa. Aliyeniokoa ni fundi maabara mmoja wa zamani aliyeweka damu kwenye kioo akaona vijidudu virefu vimejisokota. Nikapewa tetrasaiklini, basi.

Sasa ugomvi wangu uko hapa: kile kipimo cha haraka cha kidoleni kinatafuta malaria peke yake. Darubini ilikuwa inaonyesha na vitu ambavyo hukuvitafuta. Tulipoitelekeza, homa ya papasi ikapotea kwenye madaftari ya kliniki, ila ukutani haijapotea.

Na hii inajulikana tangu 1905. Mwingereza Dutton na Mkanada Todd ndio walioonyesha huko Kongo kwamba mbebaji ni papasi. Dutton mwenyewe ikamuua mwaka huo huo pale Kasongo, magharibi ya ziwa letu. Koch, yule mtafiti wa Kijerumani, naye wakati huo alikuwa huku upande wa Wajerumani, akaona vijidudu vinapita mpaka kwenye mayai ya papasi.

#7 mwana_kaliua
Mkuu #6 pole sana. Lakini umenisaidia mimi: homa ilikuwepo, kipimo hakikuwepo, wakaipa jina la malaria. Papasi analeta bakteria, sawa. Nani kathibitisha kwamba hakuna kirusi kinachofanya mchezo huo huo?

#8 PapasiMstaafu
Nani kathibitisha kipo?

#9 Mtu wa Maabara
Nafanya kazi hizi hizi za vinasaba, si Tabora lakini. Acheni niwaeleze inavyokwenda, maana naona "wanamsaga kupe" imekuwa kama uchawi.

Kwanza unawakusanya. Wengine unawabandua kwenye ng'ombe kwa koleo ndogo, wengine unaburuta kitambaa cheupe juu ya nyasi, wanakidandia wakidhani ni mnyama. Unawatambua aina kwa darubini, unawaweka kwenye baridi kali haraka, kwa sababu RNA, aina ya vinasaba iliyo jamaa ya DNA, inaoza upesi sana. Virusi vingi vya kupe ni vya RNA. Unawasaga kwa makundi, unatoa RNA, unaigeuza kuwa DNA, mashine inaisoma vipande vipande. Kwa mashine nyingi kila kipande ni herufi 150 hivi.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kupe ana vinasaba vyake, na si haba. Yule kupe wa Marekani aliyesomwa kikamilifu ana herufi kama bilioni 2.1, sisi binadamu bilioni 3. Juu yake kuna damu ya ng'ombe aliyoinyonya, kuna bakteria wa tumboni mwake. Ni kuokota vipande vya magazeti mia yaliyochanwa na kutafuta ukurasa mmoja wa gazeti ambalo hujawahi kuliona. Unatoa vya kupe, unatoa vya ng'ombe, vilivyobaki unaviunganisha, kisha unavilinganisha na hifadhi za dunia. Tunachotafuta zaidi ni kinasaba cha kimeng'enya kinachonakili RNA, kwa sababu karibu kila kirusi cha RNA lazima kiwe nacho. Kikifanana kiasi na kinachojulikana lakini tofauti ni kubwa mno, unasema una kipya.

Kwa njia hii Wachina mwaka 2015 walitoa virusi vipya 112 kutoka aina 70 za wadudu, kupe na jamaa zao. Mwaka uliofuata wakaja na 1,445 kutoka wanyama wasio na uti wa mgongo wa aina zaidi ya 220. Na tangu 2017 kamati ya kimataifa inayopanga virusi inakubali kirusi kilichojulikana kwa vinasaba tu, hata kama hakuna aliyekikuza maabara.

Sasa mtoa mada, hapo kwenye 1,445 ungetegemea dunia nzima iwe kitandani. Haiko. Vingi ni vya hao wadudu wenyewe, wanazaliwa navyo, wanakufa navyo, havijui hata binadamu ni nini.

#10 Kisomo_cha_Usiku
Asante mkuu, hii ni shule.

#11 Shushushu
Mnajiuliza kwa nini virusi vimekuwa vingi ghafla tangu mashine zianze? Nani anauza mashine? Nani anauza chanjo? Sampuli zinabebwa kwenye majokofu zinakwenda nje, baada ya miaka miwili unasikia ugonjwa mpya. Fikirieni wenyewe.

#12 binti_unyanyembe
Shushushu, mtu akitaka kukudhuru huku Uyui haitaji maabara, anakuuzia mbegu feki ya mahindi tu.

Lakini kwenye moshi wako kuna kaukweli. Wanasayansi wenyewe wameshadanganywa na vifaa vyao. Mwaka 2009 walitangaza kirusi kwa wagonjwa wa uchovu sugu, jina XMRV, ikabidi andiko lifutwe 2011 kwa sababu kilikuwa uchafu wa maabara. 2013 kuna kingine kilidhaniwa kinaleta homa ya ini, kumbe kilikuwa ndani ya vichujio vya silika wanavyotumia kusafishia sampuli, pengine kimetoka kwa mwani wa baharini. Kila maabara iliyonunua vichujio hivyo ilikuwa "inakigundua". Kwa hiyo nikisoma "kirusi kipya" swali langu la kwanza ni je, walisaga na maji matupu wakaona hakipo?

#13 Mtu wa Maabara
Swali zuri kuliko yote humu. Ndiyo, sampuli tupu ni lazima, na asiyeiweka simwamini. Kuna mtego mwingine pia: ndani ya vinasaba vya kupe mwenyewe mna mabaki ya virusi vilivyoingia kwa mababu zake, vimekufa zamani. Mashine inavisoma vile vile. Asiye makini anatangaza marehemu kuwa mgeni.

#14 Nguruwe Biashara
Mbona mnanisahau? Homa ya nguruwe. Mwaka huo sitaki kuutaja, banda zima Kasulu liliondoka. Nikaambiwa ni sumu, nikaambiwa ni jirani. Baadaye sana ndiyo nikajua ni kirusi, na papasi wa #6 ndiye anayekitunza pamoja na ngiri porini. Ngiri haumwi, nguruwe wangu wanakufa wote.

#15 DktNgombe
Pole mkuu. Ni kweli, na kile ni kirusi cha ajabu: kati ya virusi vyote vinavyobebwa na wadudu na kupe, ndicho pekee cha DNA kinachojulikana. Kilielezwa Kenya mwaka 1921. Ila kwa nguruwe wa bandani usimbebeshe papasi mzigo wote. Huku kwetu mara nyingi kinatembea na nyama, makombo ya chakula, viatu vya wachuuzi na nguruwe wanaouzwa haraka haraka mmiliki akiona wenzao wameanza kufa. Kwa binadamu hakina madhara.

#16 Nguruwe Biashara
Hilo la kuuza haraka haraka nimelipita kimya kimya.

#17 Mwisho wa Reli
Kigoma tuna mfano wetu mzuri wa kusoma vinasaba na hamjautaja. Gombe. Sokwe pale hawachomwi sindano ya damu hovyo. Watafiti waliokota vinyesi na kukinga mikojo, wakasoma humo vinasaba vya SIV, ndugu wa kirusi cha UKIMWI. Miaka mingi watu waliamini sokwe wanaishi nacho bila shida. Ripoti ya 2009 ikaonyesha hapana, walioambukizwa pale Gombe wanakufa mapema zaidi na wengine miili yao ilionyesha dalili zinazofanana na UKIMWI. Kwa hiyo "kirusi hakina madhara kwa mwenyeji wake" ni maneno ya kusema kwa tahadhari, mkuu #9.

#18 Shushushu
Kwa hiyo UKIMWI umetoka Kigoma, asante kwa kukiri.

#19 Mwisho wa Reli
Umeona nilivyojua utasema hivyo? Vinasaba hivyo hivyo vinaonyesha kile kikuu cha binadamu kimetokana na sokwe wa kusini mashariki ya Kameruni. Cha Gombe ni tawi jingine. Kunywa maji.

#20 Mfugaji wa Malagarasi
Nasoma tangu mwanzo. Mimi nasema kilichobadilika ni kupe wenyewe. Mifugo imetembea: kutoka Usukumani ikaja Igunga, Urambo, Kaliua, ikavuka mpaka Uvinza na Katavi. Kila kundi linakuja na wake. Misitu ya miombo imefyekwa kwa tumbaku na mkaa, wanyama wa pori na ng'ombe wanakunywa maji mamoja. Zamani kupe wa bluu tuliyemjua alikuwa mmoja, sasa kuna mwingine mkaidi, dawa hazimshiki.

#21 DktNgombe
Huyo wa pili anaweza kuwa yule wa asili ya Asia. Watafiti waliandika 2008 jinsi anavyomsukuma kando yule wa Afrika hapa Tanzania, mkoa baada ya mkoa. Na kweli anajulikana kwa usugu wa dawa. Lakini kupe mgeni kufika si ushahidi kwamba kaja na kirusi kigeni.

#22 Mfugaji wa Malagarasi
Sikusema ni ushahidi. Nimesema nani amemsaga akaangalia?

#23 nesi_wa_zamu
Naona mnajadili homa bila takwimu. Moshi walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, mwaka 2007 na 2008. Walioandikiwa malaria walikuwa asilimia 60.7. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Chini ya wawili kwa sitini, hebu fikirieni. Kati ya waliobaki, baadhi walikuwa na leptospira, homa ya Q, rikesia za kupe, chikungunya.

#24 mwana_kaliua
NIMEPATA SHAHIDI. Funga uzi.

#25 binti_unyanyembe
Usifunge. Moshi si Kaliua. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2017 Kigoma ndiyo iliongoza nchi nzima, wa 2022 ikaongoza Tabora. Huku malaria ipo kweli. Ukichukua asilimia za Kilimanjaro ukazileta hapa utaua watoto. Halafu angalia tena orodha ya nesi: karibu yote ni bakteria, zinatibika kwa doksisaiklini ya bei ndogo. Kirusi pale ni kimoja, chikungunya, nacho ni cha mbu.

#26 PapasiMstaafu
Dada umemaliza. Nilisema nini #6?

#27 mwana_kaliua
Hamjamaliza. Orodha ya Moshi ina vitu walivyovitafuta tu! Walikuwa na vipimo vya magonjwa yanayojulikana. Kirusi kisicho na jina kingeingiaje kwenye orodha? Ndiyo maana nasema kusoma vinasaba, kwa sababu hakuhitaji ujue jina kwanza.

#28 nesi_wa_zamu
Hapo ana hoja, tusimwonee. Hata pale Moshi wapo waliobaki bila jibu.

#29 Kipande cha Reli
Lindi 2022 mnakumbuka? Watu wanatoka damu puani Ruangwa, mitandao yote "ugonjwa mpya, Tanzania tumekwisha". Wakapima Ebola hapana, Marburg hapana, Uviko hapana. Ikawa leptospira, homa ya mgunda, ya panya na wanyama, ya zamani kabisa. Mimi tangu hapo nikisikia "kipya" naenda kulala.

#30 Mwisho wa Reli
Na Kagera 2023 ukilala ingekukuta Marburg kweli.

#31 Mtu wa Maabara
Nirudi kidogo kwa #27. Sawa, kusoma vinasaba hakuhitaji jina. Ila mkisoma damu ya kijana wa Kaliua mkakuta kirusi, mmepata kirusi, hamjapata ugonjwa. Wale wa Wetland hawakuishia kwenye vinasaba. Walikikuza maabara. Walikitafuta kwa wagonjwa wengine waliong'atwa na kupe wakakipata. Walipima walinzi wa misitu 640, wakakuta 12 wana kingamwili. Walichoma panya wakaona wanaugua. Hiyo ni miaka mitano ya kazi tangu yule mzee aumwe. Vinasaba vilisomwa mapema, miaka ilikwenda kwenye hayo mengine.

Na kinyume chake kipo. Mwaka 1960 kirusi cha Thogoto kilitolewa kwenye kupe karibu na Nairobi, jamaa ya mafua, watu hawakukijali sana. 2014 mwanaume mmoja Kansas, Marekani, aling'atwa na kupe akafa. Wakasoma vinasaba: kirusi kipya, Bourbon, ukoo ule ule wa Thogoto. Walijua ni wa ukoo gani kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshaweka wa Kenya kwenye daftari.

#32 Mlongo wa Buhigwe
Na hivi virusi mbona vinapewa majina ya vijiji vya watu? Mkikipata Kaliua msikiite Kaliua, tumbaku yenu haitanunuliwa. Kiiteni Urambo.

#33 mtumishi_urambo
Tutakipeleka Buhigwe kwa treni, daraja la tatu.

#34 mwana_kaliua
Mkuu wa Maabara, swali la vitendo. Nina kupe nimewaweka kwenye chupa ya pombe kali tangu masika. Naweza kukuletea?

#35 Mtu wa Maabara
Kwa kuwatambua aina, karibu. DNA nayo inaweza kubaki. RNA kwa joto la Kaliua na pombe ya dukani, sahau. Na huwezi kuanza kuokota sampuli na damu za watu kienyeji, kuna vibali, vya watu vinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mashine si tatizo tena, ipo ya kushika mkononi inayochomekwa kwenye kompyuta, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wamekuwa wakiitumia kwa homa ya nguruwe. Kinachosumbua ni vitendanishi na kuweka baridi njia nzima.

#36 nesi_wa_zamu
Wakati mnasubiri mashine: kupe mbandue kwa koleo karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na sigara. Usimpasue kwa kucha, tafadhali. Ukipata homa ndani ya wiki mbili mwambie daktari kwamba unachunga au unalala nyumba ya udongo, hata asipouliza, na omba damu iangaliwe kwenye kioo. Ukiona kigaga cheusi mahali ulipong'atwa, mwonyeshe. Ukianza kutoka damu usikae nyumbani.

#37 PapasiMstaafu
Kwenye kioo. Asante.

#38 mwana_kaliua
Kioo hakionyeshi kirusi mzee.

#39 Mzee wa Josho
Mmefika ukurasa wa ngapi na hakuna aliyenijibu kuhusu josho. Nani anajua dawa ya ruzuku imefika Nzega au bado? Na bei ya kuogesha ng'ombe mmoja huko kwenu ni ngapi?